Moba, Kapampa, Moliro: namna samaki na mimea ya Congo walivyofika ndani ya vioo vya watu wa mbali

Huko Ujerumani, Ubelgiji na Marekani kuna maduka yanayouza samaki wa kutazama, watu hawawali. Juu ya vioo vya maduka hayo, pembeni ya bei, mtu aliyezaliwa kandokando ya ziwa Tanganyika atakuta majina anayoyajua: Moba, Kapampa, Moliro. Ni miji midogo na vijiji vya mwambao wa Congo, na majina yake yameandikwa pale kwa sababu samaki wa mawe ya Kapampa hafanani rangi na ndugu yake wa mawe ya Moliro. Kuna hata samaki mmoja mwenye rangi ya buluu ambaye wauzaji wanaendelea kumuita wa "Zaire", ingawa nchi iliacha jina hilo mwaka wa 1997.

Samaki hao wanafugwa ndani ya akwariamu, yaani sanduku la vioo lililojaa maji na kuwekwa sebuleni. Sanduku zuri linapandwa mimea ya majini, na baadhi ya mimea hiyo nayo imetoka katika mito ya Congo. Wengi wanaona hayo ni mambo ya watu wenye feza na umeme wa saa 24. Lakini chombo kilichofungua njia hii yote hakikuwa na pampu, hakikuwa na taa, wala chujio. Kilisimama mbele ya dirisha tu, na maji yake yalibaki mazima.

Mwenye chombo hicho aliitwa Robert Warington, mkemia wa London aliyefanya kazi kwenye nyumba ya chama cha watengeneza dawa. Mwaka wa 1849 alichukua chombo kikubwa cha kioo chenye uwezo wa galoni 12, karibu lita 54, akatia mchanga na matope chini, akapanga mawe ili samaki wapate pa kujificha, akajaza maji ya chemchemi mpaka nusu. Akapanda mmea mmoja wenye majani marefu membamba kama utepe, Vallisneria spiralis. Kisha akaweka samaki wawili wadogo wa dhahabu. Juu alifunika kwa kitambaa chepesi, kwa sababu hewa ya London wakati ule ilijaa masizi ya makaa ya mawe.

Alichotaka kujua kilikuwa wazi. Tangu mwaka wa 1771 Joseph Priestley alikuwa ameonyesha kwamba mmea unaweza kurudisha uzuri wa hewa iliyoharibiwa na mshumaa ao na pumzi ya mnyama. Mwaka wa 1779 Jan Ingenhousz aliongeza kwamba kazi hiyo inafanywa na sehemu za kijani peke yake, na inahitaji mwanga wa jua. Warington aliuliza: je, jambo hilo linaweza kutendeka ndani ya maji, kwa muda mrefu, bila mtu kubadilisha maji hayo? Samaki anatoa hewa chafu, mmea unaichukua. Mmea unatoa oksijeni, samaki anaipumua.

Mwanzoni mambo hayakwenda sawa. Majani ya zamani ya Vallisneria yalioza, maji yakaanza kuwa machafu, na utando wa kijani ukashika kioo. Ndipo Warington alipotia konokono wachache wa majini. Walikula majani yaliyooza pamoja na utando, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Maji yakatakata. Mwezi wa 3 mwaka wa 1850 alisoma habari hiyo mbele ya chama cha wakemia wa London. Mtu asome tena hesabu yake polepole: samaki wawili wadogo, maji mengi, mmea unaokua, konokono wachache. Wanaofuga samaki leo na kuwazika kila juma, mara nyingi wameharibu hesabu hiyo hiyo: samaki 15 ndani ya ndoo moja.

Baada yake mambo yalikwenda haraka. Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo mwaka wa 1845, kwa hiyo kioo kilishuka bei. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka wa 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholitia jina la akwariamu katika vinywa vya watu. Familia nyingi zilinunua vyombo, zikajaza samaki kupita kiasi, zikachoka. Hamu ile ilipoa kwa upesi uleule.

Kuna jambo moja ambalo Warington hakuweza kulijua. Chini ya mchanga wake kulikuwa na wafanyakazi wengine wasioonekana. Mwaka wa 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walionyesha kwamba ni viumbe hai vinavyogeuza amonia kuwa nitrati, na karibu mwaka wa 1890 Mrusi Sergei Winogradsky aliweza kuvitenga. Kwa lugha ya nyumbani: mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule, na mmea unaila kama mbolea. Bakteria hao wanahitaji majuma 3 ao 4, mara nyingine zaidi, ili kuzaana juu ya mchanga, mawe na majani. Ndiyo sababu mtu anayejaza maji asubuhi na kutia samaki jioni anawapoteza kabla mwezi haujaisha, ingawa maji yalionekana meupe kabisa.

Congo iliingiaje katika habari hii? Kwa ziwa, wa kwanza waliokuja walikuwa wanasayansi, na wafanyabiashara walifuata nyuma. Muingereza J. E. S. Moore alifanya safari mbili Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Alivutwa na konyeza mdogo wa ziwa hilo, akafikiri kwamba ziwa lilikuwa zamani mkono wa bahari. Wazo hilo halikusimama. Lakini samaki aliowapeleka London walichunguzwa na George Boulenger, na mwaka wa 1898 mmoja wao alipewa jina Tropheus moorii, kwa heshima ya Moore. Leo huyo ni kati ya samaki wa Tanganyika wanaotafutwa sana na wafugaji.

Kisha walikuja Wabelgiji. Mwaka wa 1946 na 1947 msafara wao ulizunguka ziwa lote, na ndani yake alikuwamo Max Poll wa jumba la makumbusho la Tervuren, ambaye aliandika juu ya samaki hao kwa miaka mingi. Mwaka wa 1947 ilianzishwa taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC. Makao yake makubwa yalikuwa Lwiro, na kituo chake cha mambo ya maji kilikuwa Uvira. Wakaaji wa Uvira wanakijua kituo hicho mpaka leo kwa jina la CRH. Georges Marlier alifanya kazi hapo, na mwaka wa 1959 alimtambulisha kwa wanasayansi Tropheus duboisi, samaki ambaye akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, na akikua madoa yanapotea na mkanda mweupe ao wa manjano unabaki kiunoni. Watoto wa wavuvi wa upande ule hawakungoja mwaka wa 1959 ili kumuona.

Mtu aliyegeuza elimu hiyo kuwa biashara ni Mbelgiji Pierre Brichard. Katika miaka ya 1950 alikuwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, akipeleka nje samaki wa mto Congo: wale wadogo wenye kung'aa rangi za upinde wa mvua, ambao dunia nzima inawaita tetra wa Congo, na vilevile samaki wa maporomoko yaliyo chini ya mji, ambao wamezoea kushikamana na miamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Bujumbura na kugeukia ziwa. Mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni na ndege za haraka zilifanya jambo ambalo meli za zamani hazikuweza: samaki aliyekamatwa juma hili aliogelea Ulaya juma lijalo. Brichard aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya samaki wa Tanganyika, kimoja mwaka wa 1978, kingine mwaka wa 1989. Poll alimpa samaki mdogo wa rangi ya kahawa jina lake, Lamprologus brichardi, mwaka wa 1974.

Huyo samaki mdogo anastahili kutajwa zaidi kidogo. Wauzaji walimuita binti mfalme wa Burundi, kwa sababu ya mapezi yake marefu. Lakini kinachowashangaza watu ni namna anavyoishi. Watoto wakikua hawafukuzwi. Wanabaki karibu na wazazi, wanalinda pango, wanatoa mchanga, wanapepea mayai ya wadogo zao. Ni jamaa moja kubwa chini ya jiwe moja.

Toka Uvira mtu anaona taa za Bujumbura usiku, upande wa pili wa maji. Biashara hiyo ikajengwa juu ya jina la Burundi, na mwambao wa Congo, ulio na karibu asilimia 45 ya ziwa, ukajulikana zaidi kama mahali pa kuvulia. Vita vilivyofuata tangu mwaka wa 1996 vilifanya mawe ya Fizi, Kalemie na Moba yawe magumu kufikiwa, na ugumu huo ulipandisha bei ya samaki wake. Mpiga mbizi wa kijijini alilipwa kwa samaki mmoja mmoja. Aliyekuwa na mifuko, oksijeni na nafasi katika ndege ndiye aliyepata faida. Siku hizi wengi wa samaki hao wanazaliwa ndani ya vioo vya Ulaya na Asia. Jina la kijiji linaendelea kusafiri, na kijiji hakipati hata franka.

Na mimea? Hapa habari inahama kutoka ziwa kwenda kwenye vijito vya msitu. Mwaka wa 1857 mtaalamu wa Austria, Heinrich Schott, aliupa ukoo mmoja wa mimea ya Afrika ya magharibi na ya kati jina Anubias, kutokana na Anubis, mungu wa wafu wa Wamisri wa kale. Ni mmea wa kivulini, wenye majani mazito ya kijani kibichi, unaoshika miamba na magogo kandokando ya vijito kuanzia Guinea mpaka Congo na Angola. Mwenzake ni Bolbitis heudelotii, mmea wa jamaa ya kangaga usiotoa ua wala mbegu, unaopenda maji yanayokwenda mbio. Wauzaji wanauita kangaga wa Congo.

Kwa mwenye akwariamu, mimea hiyo miwili ni zawadi. Inaridhika na mwanga mdogo. Samaki wengi hawaili, kwa sababu majani yake ni magumu na hayana utamu. Anubias inavumilia hata maji yenye chumvi nyingi za mawe kama ya Tanganyika, ijapokuwa haitoki humo. Kuna sharti moja ambalo wanaoanza wanalivunja kila siku: shina lake nene linalotambaa lisizikwe mchangani. Likizikwa linaoza. Linafungwa kwa uzi juu ya jiwe ao juu ya kipande cha mti, kama lilivyo kwenye kijito, na mizizi inajishikiza yenyewe baada ya muda. Mmea huo unakua polepole sana. Mwenye haraka apande Vallisneria, ambayo inaota yenyewe kwenye mchanga wa ghuba za Tanganyika.

Mimea ya mapambo imesafiri pia kuja upande huu, na bei yake ilikuwa nzito. Gugu la maji lenye maua ya zambarau lilitoka Amerika ya Kusini, likabebwa duniani kwa ajili ya uzuri wake katika mabwawa ya bustani. Katika miaka ya 1950 lilifunika sehemu kubwa za mto Congo hata vyombo vikashindwa kupita, na wakaaji wa Kinshasa wakalipa jina la Kongo ya sika, Congo mpya. Anayechoka na akwariamu yake asiimwage mtoni, wala ziwani.

Tukio la London la mwaka wa 1849 linawahusu hata wanaoishi leo katika nyumba za kupanga, kwa jamaa waliowapokea, ao mahali ambapo umeme unakuja mara mbili kwa juma. Chombo cha kioo ao cha plastiki yenye kuonyesha, cha lita 20 ao zaidi, kinatosha kuanza, hata kwa darasa moja la shule. Kinaoshwa bila sabuni. Chini kinatiwa udongo wa shamba usio na mbolea wala mavi ya ng'ombe, unene wa vidole viwili, na juu yake mchanga uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe. Kinawekwa karibu na dirisha, lakini jua kali lisikipige mchana kutwa, sababu utando wa kijani utashinda mimea. Mimea inapandwa mingi tangu siku ya kwanza. Kisha majuma 4 ya kungoja, bila samaki.

Maji ya bomba na maji ya vituo vya ugawaji yana klori ya kuua vijidudu. Inamlinda mtu, lakini inachoma mashavu ya samaki na kuua wale bakteria wanaohitajika. Kwa kawaida maji hayo yakiachwa wazi kwenye ndoo kwa siku moja ao mbili, klori inatoka. Kila juma robo ya maji ya chombo inabadilishwa kwa maji yaliyokaa namna hiyo. Samaki wasipite wawili ao watatu, wadogo wa vijito, na chakula chao ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Tropheus na wenzake wa mawe hawafai hapo. Wanapigana, wanahitaji mamia ya lita.

Kuna mahali pamoja ambapo Warington hapaswi kufuatwa. Konokono zake zilikuwa za maji baridi ya Uingereza. Kandokando ya Tanganyika na katika mabwawa ya Ruzizi kuna konokono wanaobeba kichocho, ule ugonjwa unaoleta damu kwenye mkojo ao kwenye choo. Konokono wa huko asitiwe ndani ya chombo cha nyumbani, wala watoto wasitumwe kuingia majini kutafuta mimea. Mimea iliyopatikana inaoshwa, inaangaliwa jani kwa jani, chini na juu, kwa sababu mayai ya konokono yanaonekana kama tone la utelezi. Kisha inakaa kwenye ndoo yake peke yake kwa majuma mawili, na konokono yeyote anayetokea anaondolewa. Maji yaliyochotwa ziwani yanaachwa siku mbili bila konokono ndani, kwa kuwa vijidudu vya kichocho visipopata mwili wa kuingia vinakufa katika muda huo. Kazi ya konokono inafanywa na mkono: jani lililogeuka manjano linakatwa na kutupwa.

Kitambaa cha Warington, kwa upande mwingine, kina faida kuliko alivyodhani. Yeye alizuia masizi. Hapa kinazuia mbu kutaga mayai katika yale majuma 4 ambayo chombo hakina samaki. Na maji ya akwariamu hayanywewi, hata yawe meupe namna gani. Mimea inaondoa sumu ya amonia, haiui kipindupindu.

Anayetunza chombo hicho kwa miezi michache ataona jambo ambalo wavuvi wa zamani wanalieleza kwa maneno yao. Vumbi laini likitua juu ya mawe, utando wa kijani ambao samaki wanaula unazikwa, na mashimo ya mayai yanajaa. Mwaka wa 1993 watafiti walitangaza kwamba katika mwambao wa Tanganyika, mahali ambapo milima imekatwa miti na udongo unashuka na mvua, aina za samaki na za viumbe vingine vya kwenye mawe ni chache kuliko mahali ambapo milima ina miti. Ndani ya chombo, mtu anaondoa vumbi hilo kwa mpira mwembamba kwa dakika 10. Juu ya Uvira, milima ya Mitumba inashuka karibu wima mpaka ziwani, na kila mvua kubwa Mulongwe na mito mingine inaleta udongo mwekundu, kama ilivyoonekana katika mafuriko ya mwezi wa 4 mwaka wa 2020 yaliyochukua nyumba na watu.

Tropheus hawezi kuhama mbele ya udongo huo. Anakula utando wa mawe tu, haogelei juu ya mchanga mpana wala kwenye kilindi, ndiyo maana kila pwani ya mawe ilipata samaki wa rangi yake. Jike anabeba mayai yake mdomoni, machache, mara nyingi chini ya 20. Rangi inayopotea kwenye pwani moja haitafutwi kwenye pwani jirani. Baadhi ya rangi hizo zina wafugaji huko Ulaya wanaoziandikia daftari, kizazi kwa kizazi, pamoja na jina la kijiji zilikotoka.